Acheni kuwatoa watoto wa sungura kwenye kiota

Wafugaji wa Kadutu, Ibanda na Bagira hapa Bukavu, nawaandikia kwa sababu ya jambo moja. Sungura anazaa usiku, asubuhi watu wa nyumbani wanamkuta amejilaza kwenye kona ya kizimba, mbali na watoto wake. Wanangoja hadi mchana, hajawasogelea. Jioni hukumu imeshatolewa: "Huyu amekataa watoto." Watoto wanatiwa kwenye katoni karibu na mbabula (jiko la makala, yaani makaa), wanadondoshewa maziwa ya ng'ombe mdomoni, na baada ya siku mbili tatu uzao wote umekwisha. Lawama anabebeshwa mama ambaye hakukosa lolote.

Sungura halalii watoto wake. Ananyonyesha mara 1 kwa siku, pengine mara 2, dakika 3 hadi 5 tu, na mara nyingi ni usiku au alfajiri nanyi mmelala. Akimaliza anaondoka. Sungura wa porini nao hufanya hivyo: mama hukaa mbali na shimo ili mnyama mla nyama asifuate harufu yake mpaka kwa watoto. Katika dakika hizo chache mtoto wa gramu 50 anaweza kunywa hadi gramu 10 za maziwa, na yanamtosha mpaka kesho yake. Kumwona mama yuko mbali nao mchana kutwa ni kawaida. Tena akishinda ndani ya kiota, hapo ndipo pa kuhofia, maana anaweza kuwakanyaga.

Maziwa ya ng'ombe hayafai kabisa. Gramu 100 za maziwa ya sungura zina mafuta zaidi ya gramu 10 na protini karibu kiasi hicho hicho. Ya ng'ombe yana mafuta kama gramu 4 na protini kama gramu 3. Mtoto anashiba tumbo huku mwili una njaa, na kuhara kunafuata. Ukimdondoshea kwa bomba la sindano, maziwa yanaweza kupita kwenye mapafu naye akafa hapo hapo mkononi. Mbabula nayo inawakausha upande mmoja na kuwabana pumzi kwa hewa ya sumu ya makala. Nimelisema hili kwenye mikutano, nalirudia hapa, na bado naletewa katoni zenye watoto waliokufa. Tafadhali, mama na papa, muwaambie na watoto wa nyumbani, maana mara nyingi wao ndio wenye huyo sungura.

Badala ya kumtazama mama, tazama matumbo. Asubuhi, saa 12 hadi saa 1, mpe mama majani yake ashughulike, pakaza mikono nyasi za kizimba chake, kisha funua manyoya ya kiota. Mtoto aliyenyonya ana tumbo la duara, ngozi imevutika, na siku za kwanza maziwa yanaonekana meupe kupitia ngozi. Asiyenyonya ana ngozi yenye mikunjo, tumbo limebonyea, anahangaika huku na huku. Hesabu, toa aliyekufa na mabaki ya uzazi, funika tena. Imani kwamba mama atawakataa kwa harufu ya mkono wako haina msingi, na inasababisha mtoto aliyekufa aachwe aoze katikati ya wazima. Ukaguzi huo ni mara 1 kwa siku. Usifunue kila nusu saa, na wageni wasiitwe kuja kuona.

Ukikuta matumbo yamebonyea baada ya saa 24 tangu kuzaliwa, ndipo unaingilia. Mshike mama taratibu, mweke juu ya watoto ndani ya sanduku la kiota, mkono mgongoni, dakika 5, asubuhi na jioni. Watoto wenyewe wanazifuata chuchu kwa harufu hata macho yakiwa yamefumba. Kagua chuchu: zikiwa za moto, ngumu, nyekundu au za buluu, mama anaumwa na ndiyo sababu anakimbia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpe amoksilini ya kumeza uliyonunua kwenye famasi ya mtaa! Inaua bakteria wema wa tumbo la sungura, naye anakufa kwa kuhara.

Mama akifa, tafuta sungura mwingine aliyezaa, watoto wakipishana umri usiozidi siku 2. Wasugue kwa manyoya ya kiota kipya, uwachanganye katikati. Sungura wengi hupokea.

Mtoto aliyepoa hajafa. Mara nyingi ameburutwa nje aking'ang'ania chuchu, na sungura hajui kumrudisha mtoto kiotani. Mpashe moto kifuani mwako au pembeni ya chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, mpaka achezecheze, ndipo umrudishe kwa wenzake.

Sehemu kubwa ya haya inazuilika kwa sanduku, na hapo napo mnakosea tarehe. Mimba ni siku 31, huweza kupungua au kuzidi siku 1. Sanduku linaingia siku ya 28. Si siku ya 20, maana ataligeuza choo. Si siku ya kuzaa, maana watoto watadondokea kwenye mianzi ya sakafu na baridi ya Bukavu, mji ulio kwenye mita kama 1,500, itawamaliza kabla ya jua. Kama alipandwa tarehe 3 Machi, sanduku ni tarehe 31 Machi, kuzaa ni kama tarehe 3 Aprili. Andika ukutani, usitegemee kumbukumbu. Urefu sentimeta 40, upana 30, kimo 30, kizingiti cha mlango 15. Msiongeze ukubwa "ili wapumue": watoto wanatawanyika na kupoa. Chini tia maranda ya seremala, juu nyasi kavu, jumla sentimeta 10. Vitambaa na nyuzi hapana, zinawafunga miguu. Mama asiponyofoa manyoya ya tumbo, yanyofoe wewe taratibu, wakati huo yanalegea.

Dume awe kizimba kingine, kwa kuwa jike hushika mimba hata siku ile ile ya kuzaa. Maji yasikatike usiku wa kuzaa. Mwenye kiu anaweza kula watoto wake. Anayenyonyesha anahitaji lita 1 au zaidi kwa siku.

Siku ya 7 tangu kuzaliwa uzito wa watoto umefika maradufu, siku ya 10 hadi 12 macho yanafunguka. Sanduku litoke siku ya 21, na wasitenganishwe na mama kabla ya siku ya 30.