SOMO: Georgia, Alabama, Mississippi na Tennessee kwa gari-nyumba (soma kabla hujaja PM)

Wakuu, kila kiangazi kikikaribia PM yangu inajaa swali lilelile: "Ile safari ya RV (gari-nyumba) mlifanyaje?" Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia uzi huu.

Tulikuwa wanne, siku nane, gari la futi 25, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Tulikuwa tunafuata sehemu za Kusini mwa Marekani ambako watu weusi walipigania haki zao. Tulitoka Atlanta tukarudi Atlanta, maili 1,150 hivi.

Hatua ya 1. Leseni ni ileile ya gari dogo.

Hatua ya 2. Kukodi. Bei ya siku isikulevye, tafuta kwenye mkataba wanachotoza kwa kila maili. Mafuta piga maili 8 kwa galoni, yaani galoni 140 na ushee kwa mzunguko wote. Rudisha gari ulikolichukua. Kuliacha mji mwingine kuna ada yake.

Hatua ya 3. Andika kimo cha gari kwenye karatasi, bandika mbele ya usukani. Paa la sheli halijui kama una bima. Na ukikata kona kulia, mkia unafagia kushoto.

Hatua ya 4. Njia. Atlanta anzia mtaa wa Auburn, alikozaliwa Martin Luther King mwaka 1929, kanisa la Ebenezer liko hapohapo. Birmingham ni kanisa la weusi la 16th Street, lililolipuliwa na wabaguzi Septemba 15, 1963 wakafa mabinti wanne. Montgomery usipitie mbiombio. Kwenye kumbukumbu ya walionyongwa na magenge ya wabaguzi kuna vibao vya chuma zaidi ya 800, kila kimoja cha kaunti yake, na majina ya watu zaidi ya 4,400. Mwanzoni vibao viko usawa wa macho. Unavyoendelea sakafu inashuka, mwishowe vinaning'inia juu yako. Mke wangu alitoka nje akakaa kwenye nyasi, hatukuongea mpaka jioni.

Selma, daraja la Edmund Pettus: egesha, vuka kwa miguu. Kwa gari ni nusu dakika na hutaona kitu. Daraja limepinda kama mgongo wa ng'ombe, kwa hiyo waandamanaji wa Machi 7, 1965, waliodai haki ya weusi kupiga kura, waliwaona askari ng'ambo walipofika kileleni tu. Simama pale kileleni, utaelewa. Na jina la daraja ni la jenerali wa Kusini aliyepigania utumwa ubaki.

Kutoka Selma shika barabara ya 80 hadi Jackson, nyumbani kwa Medgar Evers, mpigania haki za weusi aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Juni 1963. Halafu barabara ya kitalii ya Natchez Trace hadi Tupelo, na Memphis kwenye moteli ya Lorraine, alikouawa King, sasa ni makumbusho. Makumbusho yale hufungwa Jumanne. Sisi tulifika Jumanne.

Hatua ya 5. TANGI LA CHOO. Hapa tulieni. Gari lina matangi mawili ya maji machafu: la choo, na la bafu na vyombo. Kambini, yaani kwenye viwanja vya kulaza magari haya, kuna shimo, unaunga bomba, kila tangi lina koki yake. Mimi nikajifanya fundi: nyumbani bomba la choo liko wazi muda wote, kwa nini hapa nifunge? Nikaacha koki wazi siku tatu. Maji yakatoka yote, mzigo ukabaki. Ukajijenga chini ya choo kama kichuguu, ukakauka. Siku ya nne choo kikagoma, joto la Alabama, madirisha wazi, majirani wakaanza kuhamisha viti vyao. Nilimimina ndoo tisa za maji, nikaendesha gari huku na huko lichanganyike, nikarudi kumwaga. Mara mbili. Na kampuni ikanikata hela ya usafi.

Kwa hiyo: koki ya choo IFUNGWE mpaka tangi likaribie kujaa. Kabla ya kutumia, weka maji kidogo ndani. Siku ya kumwaga vaa glavu, fungua la choo KWANZA, likiisha ndipo la bafu, maji ya sabuni yasafishe bomba. Bomba hilo lisikaribiane na mpira wa maji ya kunywa.

Hatua ya 6. Umeme wa kambi. AC na maikrowevu kwa pamoja, unazimika. Kimoja kimoja.

---

Chapakazi: Mkuu leseni gani inatakiwa?

Mzee wa Koki: Hatua ya 1.

Chapakazi: Nimeona ndefu sikusoma. Na choo kinamwagwaje?

Mzee wa Koki: Kodi hoteli.

Tunda_Damu: Kwa hesabu hii si bora gari dogo na moteli? Mnapenda sifa tu.

Mzee wa Koki: Sikusema ni rahisi. Nina mtoto anayetapika akila vya njiani, napika mwenyewe. Wewe nenda na moteli, nani kakukataza?

BintiPangani: Kaka asante. Wanangu wana miaka 7 na 10. Je, hawataogopa?

Mzee wa Koki: Swali zuri dada. Anza nao bustani ya Kelly Ingram, mkabala na kanisa la Birmingham. Kuna sanamu za mbwa wa polisi waliotoa meno pande zote mbili za njia, unapita katikati. Waambie Mei 1963 walioandamana hapo walikuwa wanafunzi. Wangu aliuliza, "Mama zao waliwaruhusu?" Tukaongea saa nzima. Montgomery mpeleke wa miaka 10, mdogo abaki na baba yake. Memphis laleni T.O. Fuller, bustani ya jimbo iliyoanzishwa enzi za ubaguzi kwa ajili ya watu weusi. Watoto wakimbie, wamekaa sana garini.

Mpitanjia: Natchez Trace malori hayaruhusiwi. RV je?

Mzee wa Koki: Ruksa. Mwendo maili 50 kwa saa, hakuna bango la biashara hata moja. Kambi ya Jeff Busby, iko njiani humohumo, unalala bure, ila hakuna umeme, na tangi hutamwagia pale.

Mpitanjia: Ongezea: ukiingia Alabama saa inarudi nyuma moja. Tulifika kambini saa tisa, kumbe saa nane.

BintiPangani: Ugali unasongeka kwenye lile jiko dogo la gesi?

Mzee wa Koki: Unasongeka, sufuria ndogo, mtu mmoja aishike. Dagaa kaangieni nje. King'ora cha moshi kililia saa nne usiku, mlinzi akaja na tochi, tukamkaribisha. Akaomba chumvi.