Namna ya kutofautisha Mafarisayo, Masadukayo na Waesene katika maandishi ya kale

Anza na tarehe. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza BK, anayataja makundi haya matatu ya Kiyahudi kwa mara ya kwanza anaposimulia enzi za kuhani mkuu Yonathani, kama mwaka 145 KK. Baada ya Hekalu kuteketezwa mwaka 70 BK, Masadukayo na Waesene wanafifia. Anayemwita Ezra Farisayo amekosea kwa karne tatu hivi.

Usimtafutie kila Myahudi kundi. Josephus anawahesabu Mafarisayo kuwa zaidi ya 6,000 na Waesene zaidi ya 4,000; walio wengi hawakuwa na chama. Wala mwandishi au kuhani si jina la kundi: uandishi ulikuwa kazi, ukuhani ulikuwa ukoo. Josephus mwenyewe alizaliwa kuhani, lakini asema alifuata njia ya Mafarisayo.

Wengi hukimbilia swali la ufufuo kwa sababu ya Matendo 23:8. Swali hilo linamtambulisha Sadukayo, basi. Halimtenganishi Farisayo na Mwesene, maana Waesene nao waliamini kwamba roho haifi. Kumjua Farisayo, tazama mapokeo ya wazee, kama kunawa mikono kabla ya kula katika Marko 7. Sadukayo hujibu kwamba kinachofunga ni kilichoandikwa katika Torati.

Kipimo kizuri zaidi, na kinachosahaulika, ni kalenda. Hati za Qumran, maandishi ya kale yaliyopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, ambayo wengi huyahusisha na Waesene, hutumia mwaka wa siku 364, yaani majuma 52 kamili, hivyo sikukuu haihami siku yake ya juma. Mwaka huanza Jumatano, siku ambayo jua na mwezi viliumbwa, na tarehe 14 ya mwezi wa kwanza, siku ya Pasaka, huwa Jumanne daima. Sasa chukua Pentekoste. Walawi 23:15 inaamuru kuhesabu siku hamsini kuanzia “siku ya pili baada ya Sabato”. Mafarisayo walisema Sabato hapo ni siku ya kwanza ya sikukuu, kwa hiyo walianza tarehe 16 na Pentekoste yao iliangukia siku yoyote. Waboetho, ndugu wa karibu wa Masadukayo, waliishika Sabato yenyewe, na Pentekoste yao ikawa Jumapili. Ya Qumran pia ni Jumapili! Kwa hiyo Jumapili peke yake haitoshi, tafuta tarehe. Ikiwa ni 15 ya mwezi wa tatu kila mwaka, uko Qumran au katika kitabu cha mkondo huohuo, kama Yubile. Yubile ni kikongwe na kilisomwa na wengi, kwa hiyo kisikupe uhakika kwamba mwandishi alikuwa Mwesene.

Uesene wenyewe uthibitishe kwa taratibu za kupokea wanachama. Kwa mujibu wa Josephus, mgeni hukaa nje mwaka mmoja, akipewa kishoka, nguo ya kiunoni na vazi jeupe, kisha hupimwa miaka miwili zaidi kabla ya kuketi mezani na wenzake. Kanuni ya Jumuiya iliyopatikana Qumran ina hatua zinazofanana, ila hesabu ya miaka haiwiani sawasawa. Tofauti ndogo kama hiyo isikufanye ugawe kundi moja kuwa mawili.

Mtego mkubwa uko kwenye usafi. Unamimina maji kutoka mtungi safi kwenda chombo najisi: je, mkondo unaupandisha unajisi hadi mtungini? Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, sehemu ya Yadayim 4:7, Masadukayo wanawalaumu Mafarisayo kwa kuutangaza mkondo huo kuwa safi. Hati ya Qumran iitwayo 4QMMT nayo inasema mkondo ni najisi. Wapo waliokimbilia kusema watu wa Qumran walikuwa Masadukayo, lakini hati za huko zimejaa malaika, ambao Matendo 23:8 yasema Masadukayo waliwakana. Sheria ikielekea upande mmoja na imani upande mwingine, andika pembeni “sheria ya kikuhani” na uache jina la kundi wazi mpaka kalenda au taratibu za uanachama zikupe jibu.