Mota ya pampu ndiyo inayoamua ukubwa wa jenereta

Wafugaji wengi wa kuku wakitaka jenereta hujumlisha wati za vifaa vyote, kisha wakanunua inayolingana na jumla hiyo. Kwa taa na mashine ya kutotolesha vifaranga, hesabu hiyo inatosha. Kwa pampu ya kisima haitoshi hata kidogo, kwani mota inapowashwa huvuta umeme mara tatu au zaidi ya ule inaotumia ikishachanganya, yaani ikishafikia kasi yake.

Chukua banda lenye taa 10 za wati 10, mashine ya kutotolesha ya wati 300 na pampu ya nguvu-farasi 1. Nguvu-farasi moja ni wati 746, lakini hizo ndizo zinazotoka kwenye mota. Umeme unaoingia hukaribia wati 1,100, maana mwingine hupotea kwa joto. Vyote vikishatulia ni wati 1,500. Pampu ikianza huhitaji peke yake wati 3,300 hivi. Pamoja na vingine ni 3,700. Ukiwa na jenereta ya kilowati 2, taa zitafifia, mota itagoma huku ikipata moto, na ikiungua utalipia kuisuka upya.

Walioko nyanda za juu kama Njombe waongeze hesabu nyingine, na hii wauzaji huitaja mara chache sana. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa huko ni nyepesi. Kwenye mita 1,800, moja ya tano imeshapotea. Zile wati 3,700 sasa zinadai jenereta ya karibu 4,700, kwa hiyo nunua ya kilowati 5. Ikiandikwa kVA (kipimo kingine cha ukubwa wa jenereta), kwa kawaida zidisha kwa 0.8 upate kilowati.

Fedha ikibana, washa pampu kwanza, ikishachanganya ndipo uunganishe vingine. Usikimbilie kubwa kupita kiasi pia: ya dizeli inayofanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake hujaza masizi na kula mafuta bure.

Iweke nje, mbali na madirisha ya banda na nyumba, kwa kuwa moshi wake unaua watu na kuku. Na kama una umeme wa TANESCO, fundi afunge swichi ya kubadilishia kati ya umeme huo na wa jenereta, ili umeme wako usirudi kwenye nyaya za nje na kumuua anayezitengeneza.