Kurekebisha Vitufe vya Tarumbeta Visiumize Vidole

Mpigaji anayesindikiza harusi kwa miguu Mji wa Kale, jua la kaskazi likiwaka, hujua kwamba vitufe vitatu vya vali humchosha kama pumzi inavyomchosha, kwa sababu jasho huvifanya viteleze na kingo zake huacha alama kwenye ncha za vidole. Kabla ya kununua vitufe vingine, jaribu kuvivika mpira.

Kitufe hufunguliwa kwa mkono, kinyume cha mwendo wa saa. Kikikataa, usikibane kwa plaizi, bali tia tone la mafuta ya vali kwenye hesi, kiache usiku kucha, kisha kizungushe kwa kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Kikiwa bado kigumu, mpelekee fundi, kwani nguvu nyingi huweza kuharibu kile kijipande kinachozuia pistoni (chuma kinachoshuka ukibonyeza kitufe) isizunguke ndani ya vali.

Tyubu hiyohiyo ndiyo itakayokuwa kivazi. Weka kitufe juu yake, chora duara kwa kalamu, kisha kata milimita moja ndani ya mstari ili ukingo usichomoze. Osha uso wa kitufe kwa maji ya sabuni, ukaushe kabisa, kisha bandika mpira juu yake kwa utepe wenye gundi pande zote mbili. Gundi ya fundi viatu hushika zaidi, lakini ingoje hadi uhakikishe kwamba umependa ulichofanya. Ikiwa kitufe kimepambwa kwa ganda la chaza, usikipige msasa mkavu, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Unene uongezwe juu ya kitufe tu, kamwe usiongezwe chini yake. Felti, yaani kile kitambaa kinene kilicho chini ya kitufe, ndiyo inayoamua pistoni ishuke hadi wapi, na ikizidi unene, matundu ya pistoni hayakutani sawasawa na mabomba, hata sauti ikafifia. Mimi niliwahi kuweka felti nene ili vidole visigonge chuma, na harusi nzima huko Likoni nikalaumu midomo yangu.

Ukimaliza, bonyeza kila kitufe na ukiachie ghafla. Kinachopanda polepole kuliko awali kimelemewa na uzito, kwa hiyo bandua mpira huo uweke mwembamba zaidi.