Hamburg Jumapili Moja: Anza na Mto, Malizia kwenye Maghala

Wageni wengi wanaofika Hamburg hushuka Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, wakaingia mtaa wa maduka, na jioni wakaondoka bila kuuona mji. Mji wenyewe uko mtoni. Kilichoujenga ni bandari ya Elbe, na utauelewa ukiutazama kwanza kutoka majini, kisha ukapanda nchi kavu. Ratiba hii ni ya Jumapili, kwa sababu soko la samaki halipo siku nyingine. Ukikosa Jumapili, ruka hatua ya pili na uanzie ya tatu.

Hatua ya 1: Tikiti, kabla ya yote

Nunua tikiti ya siku ya HVV, mtandao wa usafiri wa umma wa Hamburg, kwa kanda za A na B. Hiyo moja inatosha treni za chini ya ardhi (U), treni za mjini (S), mabasi na, jambo ambalo wengi hawalijui, feri za mtoni. Mkiwa watu wawili au zaidi, linganisha na bei ya tikiti ya kikundi kabla ya kulipa. Mwenye Deutschlandticket, tikiti ya mwezi ya usafiri wa Ujerumani nzima, hana haja ya kununua chochote.

Hakuna lango la kukuzuia kuingia stesheni, na hapo ndipo watu wanaponasa. Mkaguzi huja amevaa nguo za kawaida, na faini ni euro 60. "Sikujua" haisaidii.

Jumapili maduka yamefungwa. Maji ya kunywa na vitafunio nunua Jumamosi, au kwenye maduka yaliyo ndani ya stesheni kuu. Chukua koti lenye kofia. Mwavuli usiutegemee, upepo wa mtoni huugeuza ndani nje.

Hatua ya 2: Fischmarkt, soko la samaki, asubuhi na mapema

Soko hili limekuwepo tangu 1703. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hufunguliwa saa 11 alfajiri, miezi ya baridi saa 1 asubuhi, na hufungwa saa 3 na nusu ili watu wawahi kanisani. Shuka stesheni ya Reeperbahn au Landungsbrücken, teremka mtoni kwa miguu.

Samaki ni sehemu tu. Kuna maua, matunda, nguo, na wauzaji wanaopiga kelele juu ya magari wakijaza vikapu. Ukitaka matunda kwa bei ya kutupa, subiri nusu saa ya mwisho, kwa sababu hakuna anayetaka kurudi na mzigo. Beba pesa taslimu, noti ndogondogo.

Kuhusu mkate wa samaki, soma kibao kwanza. *Matjes* ni heringi iliyoiva kwa chumvi, haijapikwa. *Bismarck* imelowekwa kwenye siki. Anayetaka samaki wa kukaanga aombe *Backfisch*, ila unga wake wakati mwingine huchanganywa na bia, basi asiyetumia pombe aulize. Na mikahawani, samaki wa "mtindo wa Finkenwerder" hukaangwa na vipande vya nyama ya nguruwe. Jina halikuonyi.

Hatua ya 3: Feri namba 62

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kwenye magati ya Landungsbrücken utakutana na wapiga debe wa boti za kuzunguka bandari. Boti zao si mbaya, ila kwa safari ya mto wenyewe tikiti uliyonayo mfukoni inatosha. Feri 62 inatoka gati namba 3 hadi Finkenwerder, kama nusu saa, na kutwa hupita kila robo saa hivi. Ukiwa sokoni usirudi nyuma. Pandia kituo cha Altona (Fischmarkt).

Panda juu, sitaha ya wazi. Kuelekea Finkenwerder, mkono wa kulia ni mji na vilima vyake. Kushoto ni vyelezo vya meli na, baadaye, winchi za makontena. Kwenye kurudi shuka Neumühlen/Övelgönne. Hapo kuna ufukwe wa mchanga na jiwe la tani 217 lililotolewa mtoni 1999, lililoburutwa na barafu ya kale kutoka Uswidi, ndiyo maana wenyeji huliita Mswidi Mzee.

Tahadhari moja ya kweli: usiwaache watoto wacheze ukingoni meli kubwa inapopita. Kwanza maji huvutwa kurudi nyuma, ufukwe ukawa mpana ghafla, watoto wakafuata. Kisha wimbi linarudi kwa nguvu. Viatu na mikoba iacheni juu kabisa.

Hatua ya 4: Kupita chini ya mto

Rudi Landungsbrücken na feri hiyohiyo. Jengo lenye kuba mwisho wa magati upande wa magharibi ni mdomo wa handaki la zamani la Elbe, lililofunguliwa 1911 ili wafanyakazi wafike vyelezoni. Waendao kwa miguu hawalipi, mchana na usiku. Unateremka kwa lifti au ngazi mita 24 hivi, unatembea mita 426, unatokea Steinwerder, ambako picha nzuri kuliko zote za mji hupigwa.

Usikimbie. Kwenye vigae vyeupe vya ukutani kuna michoro ya udongo iliyochomoza: samaki, kaa, panya, hata kiatu kikuukuu. Wengi hupita mbio wakitazama simu. Chini ni baridi hata Julai.

Hatua ya 5: Saa 6 mchana, St. Michaelis

Kanisa hili, Michel kwa lugha ya wenyeji, liko dakika kumi kwa miguu kutoka Landungsbrücken. Jumapili saa 6 adhuhuri mpiga tarumbeta hupiga wimbo kutoka mnarani akielekea pande nne za dunia, mmoja baada ya mwingine. Simama uwanjani, si juu. Chini sauti inasikika vizuri zaidi. Baada ya hapo panda: roshani iko mita 106, ngazi zinapita 450, na lifti ipo.

Hatua ya 6: Elbphilharmonie na Speicherstadt

Panda U3 kutoka Landungsbrücken kituo kimoja hadi Baumwall, ukae kulia uione bandari. Ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie ulifunguliwa Januari 2017 juu ya ghala la zamani la kakao, chai na tumbaku. Roshani ya wageni iko mita 37 juu. Ni lazima uwe na tikiti ya muda maalumu, na wikendi mchana hujaa. Iagize mtandaoni mapema.

Kuvuka mfereji tu, maghala ya Speicherstadt yanaanza. Mtaa huu wa matofali mekundu ulizinduliwa 1888. Kuujenga kulihamisha watu wapatao 20,000. Inua macho juu ya kila mlango: chini ya paa la shaba kuna winchi. Mizigo ilitoka mashuani moja kwa moja hadi ghorofani. Kila ghala lina nyuso mbili, moja ya barabara na moja ya maji. Tangu 2015 ni urithi wa dunia wa UNESCO.

Boti ndogo huingia mifereji hii, ila si saa zote, na mtu wa Pwani haelezwi mara mbili: Elbe hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita tatu, ingawa bahari iko takriban kilomita mia moja. Maji yakipwa, boti hukwama. Yakijaa sana, haipiti chini ya madaraja. Kabla ya kulipa muulize nahodha kama leo anaingia Speicherstadt. Bila hilo, utazungushwa bandari uliyokwisha kuiona.

Kwa picha ya maghala, simama daraja la Poggenmühlenbrücke taa zikiwaka.

Hatua ya 7: Siku ya kazi, kwa anayetaka kujua yanayotuhusu

Hamburg na Zanzibar zilifunga mkataba wa biashara 1859. Meli za hapa zilibeba simbi (kauri za baharini) na pembe za ndovu. Mwaka 1890 ikaundwa hapa kampuni ya meli za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nenda Große Reichenstraße 27, Afrikahaus ya 1899: mlangoni askari wa shaba, uani ndovu wawili. Ni jengo la ofisi. Jumapili unaweza kukuta lango limefungwa.

Kisha panda U1 au S1 hadi Ohlsdorf. Kwenye makaburi hayo amezikwa Sayyida Salme, Emily Ruete, binti wa Sultani Said aliyekuja Hamburg 1867 na kufariki Jena 1924. Eneo ni karibu hekta 390, hata mabasi hupita ndani, kwa hiyo usianze kutafuta kwa kubahatisha. Uliza ramani kwenye nyumba ya maelezo karibu na lango kuu, utaje jina Ruete, na uangalie saa ya basi la kurudi kabla hujaingia ndani.