Somo: Kupima kasi ya fleshi kabla hujaiamini

Wadau, kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo na muvi kwenye fleshi. Kila siku napokea fleshi mpya zinazojisifia kasi, lakini namba kubwa ya kwenye boksi ni ya kusoma. Kasi ya kuandika, ambayo ndiyo inamkalisha mteja kwenye benchi, haitajwi. Pimeni wenyewe.

Hatua ya 1: Hamisha vilivyomo. Kipimo hakifuti kitu, ila fleshi feki ikijazwa kupita uwezo wake halisi huharibu vya zamani.

Hatua ya 2: Chomeka kwenye poti ya USB 3.0, mara nyingi ya bluu kwa ndani. USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde. Gawa kwa 8 unapata megabaiti 60, na kwa vitendo ukifika 40 shukuru. Ukilinganisha fleshi mbili, tumia poti ileile.

Hatua ya 3: Fungua CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi, ni ya bure kwa Windows. Chagua herufi ya fleshi, ukubwa 1GiB, bonyeza All. Safu ya kushoto ni kusoma, ya kulia kuandika. SEQ1M ni kama kukopi muvi moja kubwa. RND4K ni vifaili vidogo vidogo.

Hatua ya 4, na hii msiiruke: kopi mzigo halisi huku saa ya simu inahesabu, kisha gawa MB kwa sekunde. Juzi mteja alileta fleshi mbili za GB 32 na video za harusi, vipande vya GB 14 kwa jumla. Ya kwanza ilianza na MB 80 kwa sekunde, tukafurahi. Ilipopita GB 1 hivi ikashuka hadi 6, ikabaki hapo. Dakika 36! Ya pili haikuvuka 22, ila haikushuka, ikamaliza kwa dakika 11. Fleshi nyingi zina sehemu ndogo ya kuandikia haraka, biti moja kwa kila seli (kichumba kidogo cha kutunzia data). Ikijaa, data huingia kwenye seli za biti tatu, na huko mwendo ni wa kobe. Kipimo cha GB 1 kinaweza kuishia kabla hujaliona hilo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, fleshi yangu ya GB 64 inaonyesha 59. Nimepigwa?

Jibu: Hapana, ndugu. Kiwanda huhesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja, Windows hugawa kwa 1024 mara tatu, inabaki 59.6. Feki hugunduliwa na programu ya H2testw: huijaza fleshi yote kisha huisoma upya. Ikiandika kwa MB 10 kwa sekunde, tenga karibu saa mbili.

Swali: Natumia Ubuntu. Inasema imemaliza kukopi, nikichomoa video haichezi.

Jibu: Data bado ilikuwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Fungua terminali, andika sync, subiri mstari mpya utokee, ndipo uitoe fleshi. Hata ukipima kasi kwa dd, amri ya kukopi ya terminali, ongeza conv=fsync, la sivyo utakuwa umepima RAM.

Swali: Mbona picha 3,000 zinachelewa kuliko muvi yenye ukubwa huohuo?

Jibu: Kila picha lazima isajiliwe kwenye jedwali la mafaili, na hayo ni maandishi madogo madogo, RND4K ileile. Zifunge kwanza kwenye kompyuta ziwe faili moja la zipu, kisha kopi hilo.