Namna ya kumfuata beki wa hoki ya barafuni ukiwa Dodoma

Mimi ni fundi wa majokofu. Usiku naangalia mitambo ya chumba cha baridi, jioni nafundisha mabeki wa timu ya mtaa huku Nkuhungu. Mchezo ninaoutazama zaidi ni hoki ya barafuni, na hapa Dodoma sijakutana na mtu anayeucheza. Vijana wangu wakichungulia simu yangu huuliza, "Mwalimu, hawa wanaoteleza wanakimbiza nini?" Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kuuingia mchezo huu bila kupotea njiani.

Usianze na timu. Ligi kubwa, NHL ya Marekani na Kanada, ina timu 32, na ukijaribu kuzishika zote utachoka kabla ya Krismasi. Anza na mtu mmoja, na mtu huyo awe beki. Mshambuliaji atakufurahisha usiku mmoja, ila beki ndiye atakayekufundisha mchezo.

Kwanza saa. Msimu huanza Oktoba, mechi za kawaida huisha Aprili, kisha mtoano unakwenda mpaka Juni. Mechi nyingi za miji ya mashariki huanza saa moja jioni kwao. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi kama katikati ya Machi, hiyo ni saa tisa usiku kwetu. Miezi mingine, wakishasogeza saa zao mbele, ni saa nane usiku. Kwa mlinzi, nesi wa zamu au fundi kama mimi hilo halina shida. Kama wewe ni mtu wa ofisini kule Mtumba, tafuta mechi za Los Angeles na majirani zake: saa moja jioni yao wakati wa baridi ni saa kumi na mbili asubuhi yetu, unatazama huku chai inachemka. Jumamosi wakati mwingine wanacheza mchana, na hapo kwetu inakuwa saa tatu usiku, muda wa kistaarabu kabisa.

Halafu bando. Watu wengi wataona ni nafuu kutazama muhtasari wa dakika chache. Kwa mshambuliaji inatosha, lakini muhtasari humwonea beki. Kazi yake njema ni goli ambalo halikufungwa, na goli ambalo halikufungwa hakuna anayelikata na kulipandisha mtandaoni. Beki ataonekana kwenye muhtasari siku aliyopitwa. Bora utumie bando lako kwa kipindi kimoja kizima cha mechi moja, dakika 20, kuliko mihtasari ya mechi tano.

Sheria nitazipitia haraka. Uwanjani wapo sita kila upande: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Vipindi ni vitatu. Badala ya mpira kuna kisahani cha raba ngumu kinachopigwa kwa gongo, unene kama sentimita mbili na nusu, uzito usiozidi gramu 170. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ubao, kwa hiyo kisahani hakitoki nje kirahisi. Mistari miwili ya bluu inaugawa katika sehemu tatu, na mshambuliaji haruhusiwi kuvuka mstari wa bluu wa wapinzani kabla ya kisahani. Mwenye kosa anakwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu, mara nyingi dakika mbili, na wenzake wanabaki pungufu. Hayo yanatosha kuanzia.

Barafu yenyewe siwezi kuipita kimya, ndiyo kazi yangu. Chini ya uwanja kuna sakafu ya zege yenye mabomba, ndani yake yanapita maji ya chumvi au kimiminika kingine kisichoganda, yaliyopozwa na mtambo unaofanya kazi kwa kanuni ileile ya friji ya dukani. Barafu ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Kati ya vipindi gari maalumu linapita likikwangua na kumwaga maji ya moto. Maji ya moto, ndiyo. Yana hewa kidogo ndani yake na yanashikana vizuri na barafu ya chini, hivyo uso unatoka laini na mgumu.

Macho yaende wapi

Hapa ndipo penye shughuli. Kamera hufuata kisahani, na macho yako yatataka kukifuata pia. Yakatalie. Mtazame beki wako kuanzia anaporuka ubao kuingia mpaka anapotoka kupumzika. Hilo halichukui muda, maana zamu moja huwa kama sekunde 45, kisha anaingia mwingine. Timu huwa na mabeki sita kwa mechi, wanacheza wawiliwawili, na yule wa kutegemewa anaweza kufikisha dakika 25 kwa usiku.

Jambo la kwanza la kutazama ni miguu anaporudi nyuma. Mshambuliaji anakuja mbio akiwa na kisahani, beki anateleza kinyumenyume akimtazama. Angalia umbali kati yao. Katikati ya uwanja unaweza kuwa kama urefu wa magongo mawili. Wakifika mstari wa bluu, beki mzuri ameshaupunguza hadi kama gongo moja. Ukizidi hapo, mshambuliaji anapata nafasi ya kupiga. Ukipungua kabla ya wakati, anapitwa. Mabeki wengi hufeli hapo, na haihusiani na nguvu za kifua.

Pili, tazama upande anaomsukumia adui. Kwenye barafu kuna nukta nyekundu kubwa kila upande. Chora kichwani mistari miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, inayoziunganisha kutoka lango hadi lango, utapata njia pana katikati ya uwanja. Beki anayejua kazi anakaa ndani ya njia hiyo na kumwachia mshambuliaji njia ya pembeni, akamalizane na ubao. Gongo lake liko chini, limelala barafuni, linafunga njia ya pasi. Macho yake yako kifuani kwa mshambuliaji. Kisahani kinaweza kukudanganya kushoto na kulia, kifua hakidanganyi sana.

Tatu, na hili mimi hulipenda kuliko yote: tazama shingo. Wapinzani hutupa kisahani kwenye kona na kukikimbilia. Beki inabidi ageuke, awape mgongo, akakiokote huku akijua kuna mtu wa kilo 95 anakuja nyuma yake kwa kasi. Kabla hajakifikia, aliye makini anageuza shingo kuangalia nyuma, mara mbili au zaidi. Kwa hiyo akigusa kisahani ameshajua: akipitishe ubaoni, akitume nyuma ya lango kwa beki mwenzake, au akibebe mwenyewe. Asiyegeuza shingo atakandamizwa ubaoni, halafu mtangazaji atasema hana bahati.

Ukishazoea hayo, nenda kwenye takwimu, ila usianzie kwenye magoli. Anzia kwenye dakika alizocheza. Halafu angalia nani yuko barafuni dakika ya mwisho timu ikiongoza kwa goli moja. Kocha haandiki barua ya kumsifu beki wake, anampa dakika hiyo.

Mfano wangu ni Nicklas Lidström, Mswidi aliyecheza misimu 20 Detroit, kuanzia 1991 hadi 2012. Hakuwa mtu wa kugonga watu. Katika mechi 1,564 za msimu wa kawaida alikaa kwenye adhabu dakika 514 tu, yaani kwa wastani hata dakika moja kwa mechi haifiki, na huyu ni mtu ambaye kila usiku alikabidhiwa mshambuliaji hatari kuliko wote. Alichukua kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, mara nne, na tuzo ya Norris, ya beki bora wa mwaka, mara saba. Kanda zake za zamani zipo. Tafuta fainali za 2002, ambazo alitoka mchezaji bora wa mtoano mzima.

Kuisoma safari yake

NHL huchagua vijana wakiwa na miaka 18, kwa raundi saba. Magazeti huandika majina ya kumi wa kwanza. Wewe usiyabebe sana, hasa kwa mabeki. Lidström alichaguliwa wa 53 mwaka 1989, na tuzo yake ya kwanza ya Norris ilikuja 2001, akiwa na miaka 31. Ya mwisho aliipata akiwa na 41. Zdeno Chara wa Slovakia alichaguliwa wa 56 mwaka 1996. Jitu la sentimita 206, ikabidi aruhusiwe gongo refu kuliko kipimo cha wengine. Klabu yake ya kwanza, ya New York, ilimtoa mwaka 2001 kama nyongeza katika biashara ya kumpata mshambuliaji. Akaenda Ottawa, kisha Boston, akawa nahodha misimu 14, akanyanyua kombe 2011, na alipostaafu 2022 alikuwa na mechi 1,680. Hakuna beki mwingine aliyewahi kucheza nyingi kiasi hicho. Sijui kama yule mshambuliaji bado anakumbukwa na wengi.

Kwa hiyo beki wako akiwa na miaka 20 akakosea, mwache. Chini ya NHL kuna ligi ya AHL ambako vijana hupikwa, na mtu anaweza kupandishwa leo akarudishwa kesho kutwa. Mfuate huko huko. Umri wa kumhukumu beki ni kuanzia 24 au 25.

Upande wa pili yupo Bobby Orr wa Kanada. Aliingia Boston mwaka 1966 akiwa na miaka 18, akachukua Norris nane mfululizo, na ni beki pekee aliyewahi kuongoza ligi nzima kwa pointi, yaani magoli na pasi za magoli, 1970 na 1975. Ukimtazama leo bado utashangaa. Lakini magoti yalikataa, akaacha 1978 akiwa na miaka 30 na mechi 657 tu. Juu ya hayo, wakala wake, Alan Eagleson, hakumweleza kwamba Boston walikuwa tayari kumpa sehemu ya umiliki wa klabu. Orr akahamia Chicago, akamaliza hali yake ya fedha ikiwa mbaya, na wakala huyo alikuja kufungwa kwa udanganyifu mwaka 1998. Ninawasomea vijana wangu habari hiyo kila anapotokea mtu na karatasi ya kusaini pale uwanja wa Jamhuri. Msimu wa 2025–26, mshahara wa chini kabisa wa NHL ulikuwa dola 775,000 kwa mwaka. Penye fedha hizo hapakosi wajanja, na penye fedha kidogo hapakosi pia.

Maisha yenyewe ni ya safari. Kwa miaka mingi, hadi 2025–26, msimu ulikuwa wa mechi 82, nusu ugenini, nyingine usiku mbili mfululizo katika miji tofauti. Na maumivu ni ya kila siku, kwa sababu beki hujitupa mbele ya mashuti. Katika fainali za 2019 kisahani kilimpiga Chara usoni mechi ya nne, taya likavunjika. Mechi ya tano akaingia uwanjani akiwa na kinga ya uso. Nampenda Chara, ila kijana wangu akivunjika taya atakaa nyumbani anywe uji. Alipostaafu hakukaa, alikimbia Boston Marathon 2023 kwa saa tatu na dakika 38. Kilimanjaro yetu alishaipanda akiwa bado anacheza.

Kuileta kwenye vumbi

Chora kwa majivu mistari miwili, umbali wa mita 15 hivi. Winga aanze na mpira kwenye mstari wa mbali, beki aanze hatua mbili mbele yake akimtazama, mikono nyuma. Winga akisogea, beki arudi kinyumenyume bila kugusa mpira. Kazi yake ni kuhakikisha winga anavuka mstari wa pili akiwa pembeni, si katikati. Weka mtoto mmoja kando akiwa na fito ya kama mita moja na nusu, ndiyo gongo letu, asimame na kuipima nafasi kati yao wakifika mstarini. Mkikosa fito, mpini wa fagio unatosha. Wakizoea, waruhusu mguu mmoja uguse mpira, baada ya mstari tu.

La shingo ni rahisi zaidi. Tupa mpira kona, beki aukimbilie, wewe nyuma yake unanyanyua vidole. Akiufikia bila kutaja idadi, anarudia. Agosti upepo wetu ukianza kuinua vumbi wote huinamisha vichwa, na hapo ndipo zoezi linapokuwa na maana.

Atakayetaka kukanyaga barafu kwelikweli, pa karibu ni Nairobi, hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, ambako timu ya Kenya Ice Lions ilianzia. Uwanja ni mdogo kuliko wa ligi. Kutoka hapa ni basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati, kisha Namanga. Piga simu hotelini kabla ya kukata tiketi kuhakikisha barafu ipo, maana mitambo nayo huzimwa. Beba soksi ndefu na glavu, na hati ya kusafiria ishughulikie mapema.